Dubu Kwenye Friji

Jero mwanangu,

Mama yako ananiita jikoni nionje supu kama chumvi imetosha, nami nimemjibu kwamba niko kazini. Amecheka, kwa sababu anajua leo sina darasa. Shangazi zako watafika muda si mrefu kwa maombi ya safari, kila mmoja na nasaha zake, na mimi nikisimama kusema lolote mbele yao nitalia. Sitaki kulia mbele ya dada zangu. Watanisimulia mpaka Krismasi. Kwa hivyo nimejifungia chumbani kwako, juu ya kitanda ambacho tayari umekivua shuka, nikuandikie.

Sitakuambia pasipoti uiweke wapi, wala ule nini kwenye ndege. Hayo mama yako ameshayasema na kesho atayarudia yote tangu mwanzo. Mimi nataka tuzungumze kuhusu herufi B.

Jana nilikuwa nje mlangoni napiga viatu rangi, nikakusikia ukimwambia mama yako kwamba huogopi ndege, wala joto la Muscat, wala kukaa peke yako kwenye chumba cha walimu. Unaogopa siku moja tu: utasimama mbele ya wale watoto wadogo, ufungue kinywa, B ikutoroke, itoke P, mtu acheke, nawe unyamaze tena kama ulivyonyamaza zamani. Mama yako alikwambia uombe. Mimi nilizidi kukipiga rangi kiatu ambacho kilikuwa kimeshang'aa, kwa sababu sikuwa na jibu. Sasa ninalo.

Unajua nilikozaliwa, upande wa Cheptiret. Katika lugha ya mama yangu B na P si herufi mbili. Ni mtu mmoja, leo amevaa koti, kesho amelivua, na hakuna anayejali. Nilipoenda kusomea ualimu wa nasari hakuna aliyeniambia kuna tofauti, kwa sababu aliyetufundisha naye alikuwa wa kwetu. Ndiyo maana ulipoanza kusema uliniita Papa. Ulifuata ulichosikia. Tulipohamia mtaa wa Huruma majirani wa ploti walidhani tunajifanya wazungu. Wafula, fundi wa kuchomelea vyuma ambaye kibanda chake kinatazamana na mlango wetu, aliniuliza siku moja kwa heshima kabisa kama tumewahi kuishi ng'ambo. Nikamwambia hapana, tumeishi Cheptiret.

Nilikuwa mwalimu mwenye sauti kubwa na picha mbaya. Pale nasari tulikuwa na chati moja ukutani, na kwenye herufi I kulikuwa na igloo, ile nyumba ya barafu. Miaka yote hiyo nilisimama na fimbo yangu ndefu nikagonga ile picha, watoto wakaimba nyuma yangu, na mimi sijawahi kuuliza wanaona nini. Siku moja mtoto mmoja aliulizwa na mama yake shuleni amejifunza nini, akasema amejifunza tanki ya maji. Mama akaja kuniuliza kwa nini tanki inaanza na I. Nilitazama ile chati upya, na kweli, ni tanki. Hata mimi nilikuwa nimeona tanki tangu siku ya kwanza, ila nilikuwa na cheti na mtoto hakuwa nacho.

Wewe ulikuwa umeanza kusoma shule ya mjini wakati huo. Nakumbuka siku uliyorudi na uso umevimba. Mwalimu alikuwa amekusimamisha usome kwa Kiingereza hadithi ya mbwa mkubwa, big dog, na mbwa wako mkubwa akatoka kinywani akiwa na kila sauti iliyotoka Cheptiret. Darasa zima lilicheka. Kuanzia hapo hawakukuita Jerotich tena, walikuita Pik Tok. Ukaja kwangu kwa sababu mimi ndimi mwalimu, nami nikakwambia, soma kimoyomoyo kwa muda, itapita.

Haikupita. Kitu unachokisoma kimoyomoyo kinabaki huko huko moyoni. Ulinyamaza Kiingereza mwaka mzima na mwingine juu yake. Ulikuwa unaandika vizuri kuliko wote, lakini ukiulizwa swali unatazama dawati. Kwenye ripoti mwalimu wako aliandika kwamba wewe ni mtoto mtulivu, nami nikaifurahia ile ripoti, nikamwonyesha Wafula. Nilikuwa mwalimu wa kuwafanya watoto wa watu waimbe, na wangu nilikuwa nimemzima kwa ushauri wangu mwenyewe.

Halafu mwenye nasari akauza kiwanja, wakajenga nyumba za kupanga, na mimi nikabaki na fimbo ndefu bila chati. Ndipo niliposikia kuna kampuni inayotafuta walimu wa kufundisha Kiingereza watoto wadogo wa nchi za mbali, kwa mtandao. Walikuwa wanatafuta watu wa kuimba, kucheza na kuchekesha. Nilijiambia, hiyo ni kazi yangu.

Unakumbuka tulivyoanza. Wafula alinichomelea stendi ya simu kwa vipande vya nondo, nzito mpaka ilitaka kuvunja meza. Mama yako alinishonea mwanasesere wa soksi mwenye macho ya vifungo. Wewe ndiwe uliyekata kadi za picha kutoka maboksi ya sabuni, ukazichora dubu, peasi, kalamu, basi, mpira. Kampuni ilikuwa imetutumia picha zake za kwenye skrini, lakini mtandao wetu ukilegea zilikuwa zinakwama nusu, mtoto anaona masikio ya dubu tu. Kadi ya boksi haikwami. Unaishika mkononi, unaificha nyuma ya mgongo, unaitoa ghafla, na mtoto wa umri ule atakufuata popote.

Watu wa ploti walitoka kuchungulia. Mzee mzima, kofia ya manyoya kichwani, anaimbia simu, anaruka, anajibizana na soksi. Walicheka sana, na mimi nikawaacha wacheke. Shida yangu ilikuwa Wafula na mashine yake ya kukatia vyuma. Nilimwendea nikamwomba kwa woga, maana ni kazi ya mtu. Alishangaa.

"Mwalimu, si ungeniambia mapema? Mimi nazima hii kitu saa hiyo hiyo. Mtoto wa watu asome."

Tangu siku hiyo, soksi ikionekana mkononi mwangu, Huruma yote ya upande ule ilinyamaza.

Mwanafunzi wangu wa kwanza alikuwa Salma wa Muscat, meno ya mbele hana, mkorofi, akili kama wembe. Siku ya dubu na peasi sitaisahau. Kwa Kiingereza dubu ni bear, peasi, lile tunda, ni pear, na tofauti yote iko kwenye herufi ya kwanza. Nikainua kadi ya dubu nikatamka. Salma akatamka. Nikampa nyota. Nikainua peasi, nikatamka, akatamka, nikampa nyota nyingine. Alifanya vizuri ajabu. Nilimpa nyota mpaka za siku hiyo zikaisha, tukaimba wimbo wa kuagana, nikatoka nje kwa Wafula nikamwambia, huyo mtoto ni wa kipekee.

Kesho yake ujumbe ukaja kutoka kwa mama yake kupitia kampuni. Salma amefungua friji, ameita nyumba nzima, amewaambia kwa Kiingereza safi kwamba ndani kuna dubu. Nyanya yake, ambaye neno hilo analijua, amekataa kukaribia friji. Mama aliandika kwa adabu, lakini aliuliza mwalimu huyu ni wa aina gani. Msimamizi akaisikiliza rekodi ya darasa, akaniandikia kwamba darasa lijalo atakaa ndani akitazama, na baada ya hapo ataamua kama naendelea au naacha.

Niliisikiliza ile rekodi mara nyingi na sikusikia kosa lolote. Hilo ndilo lililonitisha. Mtu akikosea akajua, atarekebisha. Mimi nilikuwa nasikia sauti mbili zinazofanana zinaitwa tofauti. Nikaiweka tena, na wewe ulikuwa pale kwenye kona unamenya viazi. Ukaweka kisu chini.

"Papa, wewe husemi bear. Unasema pear kwa zote mbili. Na yeye anasema bear kwa zote mbili, Kiarabu chao hakina P. Nyinyi wawili mnadanganyana."

Ulisema hayo, Jero, na yale maneno mawili ya Kiingereza yalitoka kinywani mwako yametengana kabisa, kila moja na mwili wake. Mama yako aliacha kukoroga ugali. Nikakuuliza umejifunza wapi, ukaona aibu, ukasema si kitu. Baadaye ukanichukua nyuma ya tanki la maji ukanionyesha. Kumbe katika kule kunyamaza kwako hukuwa umelala. Ulikuwa umesoma katika kitabu cha maktaba ya mjini namna ya kushika kipande chembamba cha karatasi mbele ya midomo. Ukisema P, karatasi inaruka. Ukisema B, karatasi inatulia, na koo linanguruma kidogo kabla midomo haijafunguka. Ulikuwa unaenda nyuma ya tanki kila jioni, peke yako na kipande cha karatasi ya daftari, unasema big dog, big dog, mpaka karatasi ikakutii.

Ulinifundisha mimi. Unajua nilivyokuwa mgumu. Ulinishika koo kwa vidole viwili unitafutie ule mngurumo, ukaniambia nifikirie mashine ya kusaga posho inavyoanza kabla unga haujatoka. Nilipuliza karatasi zote za nyumba hii. Wafula naye alikuja kujaribu, maana kwao pia B na P wanaazimana nguo, na ikawa watu wazima wawili wamesimama nyuma ya tanki wanafundishwa na mtoto. Siku karatasi yangu ilipotulia kwa mara ya kwanza, Wafula alinikumbatia na mafuta yake yote ya mashine.

Siku ya darasa msimamizi aliingia akakaa kwenye kisanduku cheusi kwenye skrini, bila sura, jina tu. Salma alikuja amenuna. Sikuanza na kadi. Nilianza na karatasi. Nikamwomba mama yake ampe kipande chembamba, nikashika changu, tukaanza kupuliza kama wajinga. Nikasema P, yangu ikaruka. Akasema P yake, ikatoka B, karatasi ikalala. Akajaribu tena, ikalala. Nikaona midomo inaanza kutetemeka, na mimi naujua ule mtetemeko, niliuona hapa nyumbani. Sikumwambia itapita. Nilikuita.

Ulikuwa umesimama kando ya mlango, na ungeweza kukataa. Ukaja, ukakaa mbele ya simu na sare yako ya shule, mbele ya msimamizi na kampuni yake na mtoto wa watu, ukashika karatasi ukamwambia Salma kwa Kiingereza, kwa sauti ambayo nilikuwa sijaisikia tangu watoto wale wakucheke, kwamba wewe pia ulikuwa huwezi. Kwamba kwako ilikuwa kinyume, P ndiyo ilikuwa inajileta yenyewe, na B ndiyo ulilazimika kuitafuta. Ukasema pear, karatasi ikaruka mpaka ikagonga kioo cha simu. Salma akacheka. Akavuta pumzi, akatema P moja kubwa na mate, karatasi yake ikapaa ikamtoka mkononi. Mama yake akapiga kigelegele huko Muscat. Mama yako akapiga chake huku, na Wafula aliyekuwa amekaa kimya muda wote huo akagonga nondo kwa nyundo mpaka nikasahau kabisa kwamba kuna mtu anatutazama.

Msimamizi alifungua kipaza sauti mwisho kabisa. Hakuniambia kuhusu kazi yangu. Aliuliza kama anaweza kuitumia ile karatasi na walimu wengine. Nikamwambia aulize mwenyewe, yuko hapa, na nikakusogeza mbele.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Ulirudi shuleni ukainua mkono. Ukamaliza, ukaenda chuo cha walimu, ukaanza kufundisha watoto pamoja nami kwa mtandao, wewe asubuhi mimi jioni, soksi moja kati yetu. Mama yake Salma, yule yule aliyeandika malalamiko, ndiye aliyeenda kwa mwalimu mkuu wa shule anayosoma Salma akamwambia wanatafuta wapi mwalimu wa Kiingereza wa watoto wadogo wakati yupo. Siku ya mahojiano yako Wafula alizima mashine bila kuambiwa, na mimi nikasimama nje ya mlango sikio kwenye ubao. Nikamsikia yule mwalimu mkuu akikuuliza, Kiingereza si lugha ya nyumbani kwenu, kwa nini watoto wetu wajifunze kwako? Ukanyamaza. Nami huku nje nikafa kidogo. Kisha ukamjibu kwamba ni kwa sababu unajua ulimi unakwama mahali gani hasa, maana na wewe uliwahi kukwama hapo hapo. Halafu nikasikia karatasi inachanwa, na yule mwalimu mkuu akicheka, na wewe ukimwambia ashike hivi.

Mtaani bado kuna wanaonivuta kando kuniuliza kwa sauti ya chini, Mwalimu, msichana anaenda Uarabuni kufanya kazi za nyumba? Namjibu kila mmoja kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: anaenda kufundisha Kiingereza. Nimeshalirudia mpaka kuku wa jirani wanajua. Na sitachoka.

Sasa jambo ambalo litakuudhi. Nimelitoa boksi la kadi kwenye sanduku lako. Usinikasirikie. Niliona umelifunga na kamba, dubu na peasi na soksi vyote ndani, na nilijua unalibeba kwa ajili yangu. Lakini nimekusimulia habari ya lile tanki ili usije ukasimama mbele ya watoto wa pwani ya jangwa na picha zilizokatwa Huruma. Ukifika, toka uone wanakula nini, wanacheza na nini, bibi zao wanaweka nini kwenye friji. Kata kadi zako mwenyewe kutoka maboksi ya huko. Na sababu ya pili ni kwamba Jumatatu nina darasa, na hizo kadi ni zangu. Wewe umepata kazi, mimi sijaachishwa.

Kuhusu hofu yako, mimi nikiwa baba yako na fundi mwenzako nakuambia ukweli: itatokea. B itakutoroka. Itakuwa siku umechoka, au umepigiwa simu ya habari mbaya, au umefurahi kupita kiasi, na utamwambia mtoto wa watu jambo la Cheptiret. Mimi nimeifundisha miaka yote hii na wiki iliyopita nilimtakia mvulana mmoja siku njema ya kuzaliwa, birthday, kwa P kubwa ambayo ingezima mishumaa yake yote. Akacheka. Nikacheka naye, tukatafuta karatasi, somo likawa limejileta lenyewe. Wakikucheka, cheka nao, kisha wafundishe. Ila usinyamaze. Nilikushauri kunyamaza mara moja na naliondoa neno lile leo, rasmi, kwa mkono wangu mwenyewe.

Nasikia shangazi zako wamefika. Mkubwa wao ameshaanza wimbo na bado yuko kwenye ngazi. Natoka, nitakula, nitaomba, na sitasema mengi. Kesho gari likiwashwa utaniona nimesimama na mama yako na Wafula, na huenda unadhani nitakuwa nimejiandaa. Neno la kuagana la Kiingereza lina B mbili, na mimi B naiweza kuliko dada zangu wote, mbele ya msimamizi yeyote. Lakini kesho sitaitafuta. Nitakupigia kelele jinsi nilivyozaliwa, mtaa mzima usikie mwenye huyu mtoto ni nani: pai pai, mwalimu. Pai pai.

Baba yako